Wimbo wa Mdomo Uliofungwa

Siku moja kabla ya kumzika mama yangu, kijana anayeongoza kwaya ya parokia alikuja nyumbani na karatasi ya nyimbo. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akakataa chai mara moja tu kama adabu inavyotaka, kisha akanywa vikombe viwili huku akinisomea orodha: wa kuingia, wa sadaka, wa kushukuru. Alipofika kwenye wimbo wa kulisindikiza jeneza, akatabasamu kama mtu anayeficha zawadi mgongoni. Alisema kwaya nzima imekubaliana kuimba ule wa Pasaka, wa kaburi li wazi, maana wanajua ni mimi niliyeuandika nikiwa mwanafunzi na kwamba niliutoa kwa mama. "Papa, hii wimbo iko yenu," aliniambia. "Tutaiimba na ngoma tatu." Nikamwambia labda tutafute mwingine. Akauliza kwa nini. Nimekuwa na miaka zaidi ya arobaini ya kulitayarisha jibu la swali hilo, na mimi ni mwalimu mstaafu ambaye sikuwahi kukosa maneno mbele ya darasa. Nikakitazama kikombe chake, nikasema basi, imbeni huo huo. Ndivyo nilivyo. Watu wanadhani ni upole, nami sijawahi kuwasahihisha.

Mama yangu aliitwa Riziki. Aliondoka akiwa amepita miaka themanini, akili timamu, meno mawili, na katika nyumba ile niliyomjengea karibu na yangu aliendelea kupukuchua maharage kila alasiri hata pale ambapo hatukuwa na maharage mengi ya kupukuchua. Alipukuchua kimya. Wajukuu walizoea, wakadhani bibi yao alizaliwa hivyo. Mimi peke yangu katika nyumba hiyo nilijua kwamba zamani mikono yake haikufanya kazi bila sauti, na nilijua mwaka, mwezi na hata saa ambapo sauti ile ilikoma, kwa kuwa mimi ndiye niliyeikomesha.

Ulikuwa mwaka wa sitini na tano kwenda sitini na sita, mwaka wangu wa mwisho wa sekondari. Shule yetu ilikuwa ya misheni, imejengwa kwa matofali mekundu kwenye kilima ambacho ukungu ulikishika hadi saa nne asubuhi, upande ule barabara ya Masisi inapoanza kuwaza habari za Walikale. Ilitutayarisha kuwa walimu. Siku ya kurudi kutoka likizo ungeweza kumtambua kila mtu kwa harufu ya sanduku lake: sisi wa vilimani maharage na viazi, wale wa Kirolirwe chupa za maziwa ya mgando zilizozibwa kwa jani la mgomba, na wale wa Walikale nyama iliyokaushwa kwa moshi na mafuta ya mawese, ambayo yalivuja kila mara na kuharibu mashati. Mwaka ule vitanda vingine havikurudiwa. Vilimani watu walikuwa wameanza kukimbiana, jirani anamhama jirani, na mezani mtu akiuliza fulani yuko wapi wengine waliinamia sahani zao. Sisi tuliobaki tulijifunza kutouliza. Nalitaja jambo hili kwa sababu lina sehemu yake katika kosa langu: ulikuwa mwaka wa kutouliza.

Siku hizo mwalimu asiyejua kinanda alihesabiwa nusu mwalimu, maana Jumapili ndiye aliyeongoza kwaya pale kijijini alikotumwa. Wote tulisoma solfeji, ile ya do re mi, lakini mtihani mkubwa wa muziki, ule wa kupata cheti kamili, tulichaguliwa wawili tu: mimi na Kubuya. Kubuya alikuwa wa Walikale, mrefu, mwenye kucheka kwa pua, na tangu mwaka wa kwanza vitanda vyetu vilipakana. Mimi vidole vyangu vilikuwa vya kinanda. Vyake vilikuwa vya ngoma, na kinanda alikikanyaga kama mtu anayeua nyoka. Chumba cha muziki kilikuwa zamani ghala la mbegu za viazi, na harufu ile haikutoka kamwe. Hata leo nikimenya kiazi kilichoanza kuota nasikia vidole vinatafuta funguo. Palikuwa na dirisha moja, ubao wenye mistari mitano iliyochongwa kwa kisu ili isifutike, na kinanda chenyewe, cha mivukuto ya kukanyaga kwa miguu, kimefunikwa blanketi la jeshi kwa ajili ya panya, ambao walipenda ngozi ya mivukuto kuliko sisi tulivyopenda nyama ya Jumapili.

Mwalimu wetu alikuwa Padri Joris, mtu wa Ulaya mwenye mikono mikubwa ya mkulima, aliyekaa vilimani miaka mingi na kusema Kiswahili chetu bila kuogopa makosa. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mtu mkali, hakutudharau, na siku nilipougua alinilisha supu kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka ule alikuwa kama mtoto aliyefunguliwa mlango. Misa ilikuwa inatoka katika Kilatini na kuingia katika Kiswahili, ngoma zilikuwa zimeruhusiwa kuvuka kizingiti cha kanisa, naye alitaka muziki wa vilima uingie pamoja nazo. Kabla ya likizo ya Noeli alitupa kazi, mimi na Kubuya: kila mmoja arudi na wimbo mmoja wa kwao, ameuandika kwa noti. Wimbo utakaofaa utafanywa wimbo wa Pasaka, na mkaguzi wa shule atakuja Pasaka hiyo hiyo kutusikiliza na kutupa alama.

Nilifika nyumbani bila wimbo hata mmoja. Nilikuwa nimeingia bweni nikiwa mtoto, nikakulia miongoni mwa wanaume na kengele, na nyimbo nilizozijua zote zilikuwa za Mtakatifu huyu au yule. Siku ya tatu nilikaa jikoni kwa mama. Jiko letu lilikuwa chumba cha udongo kilichoezekwa kwa nyasi, chenye tundu moja la moshi ambalo moshi haukulijali. Mama alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, ungo kati ya magoti, maganda ya maharage yakilia tiki tiki, naye akavumisha wimbo. Midomo ilikuwa imefungwa. Nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote jinsi mtu anavyosikia mvua, na siku ile kwa mara ya kwanza niliusikiliza. Ulishuka, ukapanda nusu ya njia, ukashuka tena chini kuliko mwanzo; kisha, katika mstari wa nne, ulisimama. Mikono nayo ilisimama. Kwa muda wa pumzi mbili palikuwa na moto tu unaonguruma, halafu wimbo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilitoa daftari nikaandika juu ya goti. Ile nafasi ya kimya niliiwekea alama yake, kwa usahihi kabisa. Kwamba haukuwa na maneno nilijieleza upesi: mama ameyasahau. Mama akaniuliza ninaandika nini, nikamjibu ni kazi ya shule. Nyumbani kwetu neno hilo lilifunga kila mjadala. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, na mimi nimeliandika ubaoni mara mia. Sikuuliza.

Padri Joris aliupiga wimbo ule mara moja, akaurudia, kisha akaondoa mikono kwenye kinanda na kuniangalia kwa namna ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniangalia. Wa Kubuya, wimbo wa wawindaji wa nyavu, aliusifu na kuuweka kando. Wangu ndio uliochaguliwa. Aliurekebisha kidogo: mapigo ya mama yalikuwa mara matano mara sita, akayanyoosha yawe manne manne ili watu waweze kuandamana. Akatunga beti nne juu ya jiwe lililovingirishwa na kaburi lililo wazi. Halafu akafika kwenye ile nafasi ya mstari wa nne, akaguna, akasema kwaya haiwezi kunyamaza tu katikati ya furaha, akaijaza aleluya. Ilikaa pale kama mguu katika kiatu chake. Nilifurahi, na nasema hivyo bila kujitetea. Usiku nililala nikijiona mtu. Kubuya alinitania kwamba nitaanza kutembea na fimbo kama askofu, nami sikukataa sana.

Kwaresima ilianza, na mazoezi pia. Tuliimba katika refektwari, ukumbi wa kulia, baada ya chakula cha mchana, kwa sababu chumba cha muziki hakikuitosha kwaya nzima na Padri alipenda mwangwi wa kuta zile. Jikoni, nyuma ya dirisha dogo la kupitishia masufuria, alifanya kazi Mama Sifa, mjane wa kilima chetu, aliyepika maharage ya bweni kwa sufuria moja kubwa na mwiko mrefu kama kasia. Siku ya kwanza tulipouimba wimbo kwa maneno na sauti nne, maharage ya jioni yaliungua. Wanafunzi walipiga meza kwa vijiko. Siku ya pili yaliungua tena. Siku ya tatu Mama Sifa aliniita kupitia dirisha lile, nikaingia jikoni kwake. Alikuwa ameketi chini, kwenye sakafu, kando ya kuni, naye hakuwa mtu wa kuketi.

"Ile wimbo munaimba, nani aliwapatia?" aliniuliza.

Nikamwambia ni mimi, niliutoa kwa mama.

"Alikuimbia yeye mwenyewe?"

"Hapana. Alikuwa anavumisha tu, na maharage."

"Njo vile. Kinywa ya kufunga." Akajifuta uso kwa kitenge. "Mutoto yangu, ile haiko wimbo. Ile iko kilio yake. Miye nilikuwako siku aliitoa."

Kisha akanieleza, polepole, kwa sauti ya chini, mambo ambayo msichana yeyote wa miaka saba wa kilima chetu aliyajua. Mwanamke akimzika mtoto, hutoa kilio chake mwenyewe, hakiazimwi wala hakirithiwi. Hukiimba kwa kinywa wazi siku hiyo ya kuzika. Kila mwanamke anayekisikia huketi chini, na wimbo ukisimama katika nafasi yake, wao huuliza: nani? Mama wa marehemu hutaja jina. Baada ya siku hiyo kinywa hufungwa. Anaweza kukivumisha akiwa na kazi ya kukaa, kwa kuwa uchungu nao unahitaji pa kupitia, lakini kukifungulia mdomo tena ni kusema kuna maiti nyingine nyumbani. Alisema alipousikia kutoka kwenye vinywa hamsini vya wavulana, alijikuta ameketi chini, na maharage yakaungua. Nikamuuliza mama alimlilia nani. Alisema ni dada yangu, aliyezaliwa kabla yangu. Sikujua kama nimewahi kuwa na dada. Nikamuuliza aliitwa nani. "Jina utauliza mama yako," alinijibu. "Haiko ya kinywa yangu." Akasimama, akarudia mwiko wake.

Nilikwenda kwa Padri Joris alasiri hiyo hiyo. Chumba chake kilinuka tumbaku na jibini, na mezani zilikuwa karatasi za wimbo, tayari zimepigwa chapa kwa stensili, rundo refu kama biblia mbili; nyingine zilikuwa zimekwisha tumwa kwenye misheni jirani. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kiko chake kikazimika, na macho yake yakalowa, nasema nilichokiona. Nikadhani nimeshinda. "Anselme," aliniambia, "Pasaka njo nini? Wanawake walienda kaburini na kilio, wakarudi na aleluya. Kilio ya mama yako itafanya ile ile safari." Alinionyesha upande mmoja wa jambo ambao ulikuwa kweli, na mimi nilikuwa na upande mwingine ambao nao ulikuwa kweli, lakini wangu ulikuwa na umri wa saa tatu na wake ulikuwa na miaka elfu mbili. Aliongeza kwa upole kwamba mkaguzi amekwisha pelekewa karatasi, na kwamba sina wimbo mwingine wa mtihani. Nikasema ndiyo, mon père. Nikafunga mlango polepole nisiubamize.

Kubuya peke yake ndiye aliyetaka kufanya kitu. Tulikuwa tunafua kwenye kijito, akanisikiliza huku akiikamua suruali moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Niko na kisu," alisema mwishoni. "Nitapasula mivukuto. Mukaguzi akifika, kinanda itakuwa bubu. Batanifukuza miye, haiko weye." Alisema kwao Walikale kazi za kufanya hazikosekani. Hakuwa anatania, nilimjua akitania pua yake inavyofanya. Nikamkataza. Nikamwambia haifai aharibu maisha yake kwa ajili yangu, na maneno hayo yalikuwa mazuri sana, na kwa miaka mingi niliyaamini. Ukweli ni kwamba bila kinanda nami nisingekuwa na mtihani. Nilitaka cheti. Nilitaka kuliona jina langu kwenye karatasi ile yenye muhuri, na nilitaka mama asiumie, na vyote viwili nilivitaka bila kulipia chochote.

Basi nikatafuta njia ya mtu mwoga: mama asije. Alikuwa amepanga kuja Pasaka kunisikiliza, yeye na wanawake wengine watano wa kilima, mwendo wa nusu siku kwa miguu kupitia Lushebere. Katekista mmoja wa huko alipita shuleni wiki ya mwisho ya Kwaresima, nikampa ujumbe wa mdomo, maana mama hakujua kusoma: mwanao anasema usije Pasaka. Hivyo tu. Nilifikiri nikiweka sababu nitachanganya mambo. Mambo hayakuhitaji msaada wangu kuchanganyika.

Asubuhi ya Pasaka ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mnara wa kanisa ulionekana kama umekatwa katikati. Kwaya ilikuwa imejipanga nje, mashati meupe, Kubuya na ngoma yake mbele, na kengele ya pili ilikuwa imelia nilipomwona mama akitokea kwenye ukungu, mbio nusu mwendo, miguu imejaa tope jekundu hadi magotini, kikapu kichwani. Wenzake watano walimfuata kwa mbali, wamechoka. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku kama anayekagua mbuzi sokoni.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, mama."

"Ulisema nisikuye. Nikajua uko mugonjwa." Walikuwa wameondoka kilimani jana yake na kulala kwa watu njiani, ili wafike mapema.

Nilikuwa na muda. Watu husema muda haukuwapo, lakini mimi nilikuwa nao, labda dakika nzima, na dakika inatosha kusema maneno sita. Nilimwambia akae nyuma, karibu na mlango, kuna hewa. Ndicho nilichoweza kutoa kinywani. Wala hilo halikufanikiwa, kwa kuwa mzee wa kanisa aliyepanga watu aliposikia huyu ni mama wa mpiga kinanda, alimchukua kwa heshima yeye na wenzake hadi benchi la kwanza upande wa wanawake, hatua tano kutoka kwangu. Mama akakaa na kuweka kikapu chini ya benchi. Akanitazama kwa furaha. Alikuwa amekuta mwanawe mzima.

Mkaguzi aliketi karibu na altare, kalamu mkononi. Padri Joris akainua mikono yake mikubwa. Nikakanyaga, mivukuto ikajaa, nikapiga mstari wa kwanza peke yangu kama tulivyofanya mazoezi, kwa sauti ya chini, bila maneno, na sauti ya kinanda kile cha zamani ilifanana sana na mtu anayeimba amefunga mdomo. Nilimwona mama akiinua kichwa. Alitabasamu. Alidhani, nafikiri, kwamba nimemletea kitu cha nyumbani kwa siri, mimi na yeye tu. Kisha kwaya ikafungua vinywa hamsini, ngoma ikaingia, na tabasamu lile likabaki usoni pake muda kidogo baada ya yeye mwenyewe kuliacha. Aliteremka kutoka kwenye benchi akaketi sakafuni. Wale watano wakaketi. Nyuma yao wanawake wengine wa vilima vyetu, waliokuwa hawajui ni kilio cha nani lakini walijua ni kilio, wakaanza kuteremka mmoja mmoja, benchi kwa benchi, na kwaya, ambayo ilikuwa ya wavulana watupu, ikadhani ni ibada mpya na kuongeza sauti. Tulifika mstari wa nne. Kwaya ikasema aleluya, na chini yake, kwa pamoja, wale wanawake wakauliza swali lao kwa lugha yetu: nani?

Hakuna aliyejibu. Tukaingia ubeti wa pili. Mstari wa nne ukaja, aleluya, nani? Nilimwangalia Padri Joris. Alikuwa amefumba macho. Nilimwangalia Kubuya, alikuwa ameacha kupiga, mikono juu ya ngozi ya ngoma, ananiangalia mimi, anangoja nami niache. Ningeinua mikono tu. Wimbo huwa hauendi mbali bila kinanda. Mkaguzi aliandika kitu. Nikaendelea. Katika ubeti wa tatu, wanawake walipouliza, mama yangu alijibu kutoka sakafuni, kwa sauti kavu isiyo ya kulia, kama mtu anayejibu anapoitwa kwenye orodha: Faida. Ndivyo nilivyolijua jina la dada yangu, nikiwa nimekanyaga kinanda, shati jeupe, mbele ya watu mia tatu. Katika ubeti wa nne alilitaja tena. Vidole vyangu vilikuwa vinajua njia na havikunihitaji.

Baada ya misa mama alinikuta nyuma ya jiko la Mama Sifa, mahali palipokuwa na gogo la kukalia. Alifungua kikapu. Alikuwa ameniletea bugali uliofungwa kwenye majani, maharage mekundu na samaki mdogo wa chumvi, chakula cha mgonjwa anayepona. Akakaa kunitazama nikila. Kwa mbali wavulana walikuwa wanapiga mluzi wimbo ule ule.

"Ulipiga muzuri," alisema. "Vidole haikukosea hata mara moya."

"Mama, nisamehe. Sikujua."

Hilo la kusema sikujua lilikuwa uongo, na nadhani alilisikia. "Kula," alisema. "Inapoa." Aliyakusanya majani, akayakunja vizuri kana kwamba yatatumika tena. Ndipo akasema jambo la mwisho alilowahi kulisema kuhusu habari hiyo. "Miye ile sina nayo tena. Sasa iko ya batu bote."

Nilipata cheti. Alama za muziki zilikuwa za juu kuliko zote, na Kubuya, kwa sababu ya ngoma aliyoiacha katikati, alianguka. Alirudi Walikale bila kunilaumu, na hilo nalo sikuweza kulifanyia kitu. Wimbo ulikwenda kila parokia, ukaingia katika kitabu cha nyimbo, chini yake pameandikwa kwamba ni wimbo wa asili. Nimeufundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, mwaka hadi mwaka, kwa watoto waliokuwa wakiupenda, kwa sababu ulikuwa katika mtaala na kwa sababu, Mungu anisamehe, ni wimbo mzuri. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, mama akala peke yake. Kila alasiri nilisikia maganda ya maharage, tiki tiki, na hakuna kingine. Mara moja, miaka michache kabla hajafa, nilikaa kando yake nikajaribu kuuvumisha mimi, midomo imefungwa, labda angeuchukua. Ulitoka mapigo manne manne. Nilitafuta yale mapigo matano na sita ya jiko letu, nikatafuta pale ulipokuwa ukishuka chini kuliko mwanzo, na kila nilikogeuka nilikuta wimbo wa Padri Joris. Mama alinipa ungo nimsaidie kupepeta.

Tulimzika Jumamosi. Jeneza lilipotoka mlangoni mwa kanisa, vijana walianza, ngoma tatu na kinanda cha umeme, wasichana wa kwaya wakiyumba kushoto na kulia kwa vitambaa vyeupe. Nilitazama wanawake wote waliokuwapo. Wale watano walikwisha tangulia zamani, Mama Sifa pia, na hao wengine walisimama, wakapiga makofi. Basi nikaketi mimi. Magoti ya mzee hayateremki kwa heshima. Niliketi chini kwenye tope na suti yangu nyeusi na kungoja mstari wa nne. Yule kijana wa kwaya alidhani nimezidiwa, akaja mbio na kiti cha plastiki, na wawili wakaninyanyua kwa makwapa wakanikalisha, mmoja akanipepea kwa karatasi ya nyimbo. "Pole, Papa," alisema. "Pole. Pumuzika." Sikuwa na nguvu za kuwakatalia, nikakaa kwenye kiti chao. Hakuna aliyeuliza nani. Wimbo una beti nne, na waliziimba zote. Mara nne, kwenye ile nafasi, nilisema Riziki, na mara zote nne aleluya ilikuwa kubwa mno hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu.